Shangazi Alisikia "Jini"

Siku niliyomweleza shangazi kwamba ukoo wetu unabeba jeni yenye hitilafu, aliweka ungo chini, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga na kuniuliza kwa kunong'ona: "Jini gani tena, mwanangu? La nani?"

Nilicheka, halafu nikaona haya kwa kule kucheka. Kwetu Tanga jini si jambo la mzaha. Mtaani petu kuna nyumba ambayo hadi leo haipangishiki kwa sababu ya jini la mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Nikarudia polepole: jeni, shangazi, kwa e. Kitu kidogo mno kilichomo ndani ya mwili, tunakirithi kwa wazazi, ndicho kilichokupa wewe mwanya wa bibi na kumpa baba ule upara. Akaguna.

"Kinarithiwa. Hakionekani. Kinamaliza wanawake wa nyumba moja. Sasa hicho chako na jini, tofauti yake nini?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nimelitafuta kwa miaka minne, na njiani nimetolewa ovari zote mbili, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, nimegombana na kaka yangu, na nimejua, kwa kadiri inavyoweza kujulikana sasa, bibi yangu alikufa kwa nini.

Habari yenyewe ilinifikia mwaka 2021 kwa WhatsApp. Binti wa marehemu shangazi mkubwa, ambaye mimi humwita dada kwa kuwa amenitangulia miaka saba, anaishi Leicester, Uingereza, akihudumia wazee. Alipata saratani ya titi akiwa na miaka 46. Madaktari wa kule wakamuuliza habari za mama yake; akawaambia mama alikufa kwa titi mwaka 1996, hata miaka 44 hajafika. Wakamtoa damu ya kipimo cha jeni. Jibu likawa hitilafu kwenye jeni iitwayo BRCA2. Kliniki ikampa barua ya kuwapa ndugu wa damu, ili nao wakapime wakitaka. Akaipiga picha kurasa zote mbili, akanitumia pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika saba unaoanza hivi: "Mdogo wangu, hii usiisome ukiwa kwenye daladala."

Niliisoma kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba. Katikati ya ukurasa wa kwanza palikuwa na mfululizo wa herufi na namba, kama namba ya chesesi ya gari. Hilo ndilo jina la hitilafu yetu. Nikaizima simu, na kwa miezi minne sikuifungua tena ile barua.

Sababu niliyojipa ilikuwa kwamba hainihusu. Ugonjwa wa matiti, nilivyojua mimi, mtu huutoa kwa mama, na upande wa mama yangu ni wanawake wanaofika miaka 90 wakiwa bado wanatwanga kisamvu. Dada wa Leicester ni damu ya upande wa baba. Baba ana ubavu gani kwenye mambo ya matiti? Wala sikuwa mjinga peke yangu. Miaka michache kabla ya hapo nilipata uvimbe kwenye titi la kushoto, nikaenda hospitali moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Daktari aliniuliza: mama yako aliwahi kuugua? Dada zako? Nikasema hapana. Akaandika kwenye jalada, nilimwona kwa macho yangu, kwamba familia haina historia. Uvimbe ulikuwa wa kawaida, hauna ubaya, nikarudi nyumbani nikachinja kuku. Shangazi mkubwa alikuwa kaburini zaidi ya miaka 20, na hakuna aliyekuwa ameniuliza habari zake.

Aliyenifungua macho ni daktari mwanamama, mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuchora akiwa anaongea. Nilikwenda kwake kwa shida nyingine kabisa, nikamtajia ile barua kama mtu anayesimulia umbea. Akaacha alichokuwa anakifanya. Akageuza bahasha ya kaki iliyokuwa na picha zangu za eksirei, akaanza: mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyekufa anapigwa mstari wa mshazari. Aliyeugua saratani anajazwa wino. Mzima anaachwa mtupu. Dada wa Leicester, duara jeusi. Mama yake, duara jeusi lenye mstari. Kando yake mraba wa baba yangu.

"Baba mzima?"

"Mzima. Haumwi chochote."

Akaandika alama ya kuuliza ndani ya mraba, kisha akanieleza jambo ambalo laiti lingeandikwa kwenye kuta za kila zahanati. Jeni hii hairithiwi kwa kufuata matiti. Mwanamume huipokea na kuipitisha sawasawa na mwanamke. Kila mzazi anayeibeba, kila mtoto anayezaliwa ni kama shilingi imerushwa hewani, kichwa au mwenge, wa kiume na wa kike vilevile. Baba yangu alikuwa na nafasi nusu ya kuwa nayo, kwa hiyo mimi robo. "Wanaume wanaibeba kimya," alisema, "ndiyo maana mtu anaweza kudhani imekatika, kumbe imepita kwa baba tu."

Halafu akauliza bibi yangu mzaa baba alikufa kwa nini. Kalamu ikabaki hewani, maana sikujua.

Watu wa kwetu hatufi kwa kansa. Tunakufa kwa "tumbo", kwa "kifua", kwa "jipu lililoingia ndani", au "alianguka tu". Nilikwenda Tanga kuuliza nikakosea mara ya kwanza: niliuliza baada ya hitima ya jirani, wazee wakiwa bado na pilau mikononi. Wakaniangalia kama niliyetukana. Mzee mmoja akaniambia kuchimbua marehemu ni kuchimbua kaburi. Mara ya pili nilikuwa na akili zaidi. Nilikwenda kwa shangazi mdogo, huyu wa ungo, nikakaa naye siku mbili, nikakuna nazi, nikachambua mchicha, na sikuuliza kitu mpaka yeye mwenyewe alipoanza.

Bibi alikufa mwaka 1984. Tumbo lilimvimba kama mjamzito wa miezi minane, na umri wa kuzaa alikuwa ameshaupita. Alikuwa akila tonge mbili anashiba. Alivutwa maji hospitalini mara tatu, yakajaa tena. Mganga akasema tumbo lile limetupiwa kitu, na aliyekitupa hakulala mbali. Babu alikuwa na wake wawili. Vidole vyote vikamwelekea bibi mdogo. Hakupigwa, shangazi alilisisitiza hilo kana kwamba ni sifa, lakini hakusalimiwa tena. Kabla ya arobaini ya bibi kwisha alikuwa ameshavuka Pangani na watoto wake watatu. Watoto wale ni ndugu wa baba yangu kwa baba mmoja, na sikuwahi kuwaona katika harusi yetu hata moja. Nilikuwa nadhani hawapendi watu.

Kisha akanisimulia ya ami. Yule nilikuwa namkumbuka vizuri, alikufa 2009, mwembamba, anavaa kanzu hata akienda sokoni. Alikuwa na "jipu" kifuani, chuchu ikaingia ndani, halafu pakawa kidonda. Mke wake alikuwa akimfunga kitambaa usiku, na watoto wake hawakujua. Mwanamume atamwambia nani kwamba anaumwa titi? Leo najua kuwa wanaume wenye hitilafu ya BRCA2, kati ya 2 na 7 kwa kila 100 hupata saratani ya titi kabla ya miaka 70, wakati kwa mwanamume wa kawaida ni kama mmoja kwa 1,000. Na saratani ya tezi dume nayo huwaandama zaidi, mara nyingi mapema na kwa ukali.

Nilirudi Dar na bahasha yangu, daktari akajaza wino. Duara la bibi alilijaza nusu tu, kwa sababu hapakuwa na cheti wala kipimo, ila alisema maelezo yale, tumbo kujaa maji, kushiba haraka, umri ule, ni picha ya saratani ya ovari kama alivyoizoea. Bahasha ilikuwa imeanza kutisha.

Kipimo chenyewe, baada ya maneno yote haya, ni kichupa kimoja cha damu. Kwa kuwa namba ya chesesi ilikuwa inajulikana, maabara haikuhitaji kuisoma jeni nzima. Ni kama kutafuta kosa la chapa kwenye kitabu ukiwa umeshaambiwa ukurasa na mstari. Hiyo ilipunguza gharama, ingawa bado ilizidi mshahara wangu wa mwezi na bima haikugusa hata senti. Daktari alinisaidia kuona faida nyingine. Mwafrika akipimwa jeni nyingi kwa mkupuo bila kujua anachotafuta, mara nyingi anarudishiwa jibu la "badiliko limeonekana, ubaya wake haujulikani", kwa sababu kumbukumbu wanazolinganishia zimejaa zaidi damu za watu wenye asili ya Ulaya. Anayemfuata ndugu yake aliyekwisha pimwa hupata jibu la ndiyo au hapana. Damu yangu ikapakiwa, ikapelekwa nje ya nchi. Mimi pasipoti sina, damu yangu imeshapanda ndege.

Katika wiki sita za kungoja nilisoma kila nilichokipata. Nilijifunza kwamba mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kuwa katika baadhi ya familia saratani ya matiti inafuatana na kipande kimoja cha kromosomu ya 17, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni, baada ya miaka mingi ya wenzake wengi kutomwamini. Hapo ndipo ilipo BRCA1, iliyopatikana 1994. BRCA2, hii yetu, ipo kwenye kromosomu ya 13, nayo ikapatikana 1995. Nilijifunza pia kwamba kwa miaka mingi kampuni moja ya Marekani, Myriad Genetics, ilikuwa na hataza juu ya jeni zenyewe, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua Juni 2013, majaji wote tisa wakikubaliana, kwamba kipande cha jeni kilichoumbwa na maumbile si uvumbuzi wa mtu. Nililisoma hilo mara mbili. Jini la ukoo wetu liliwahi kuwa na hatimiliki.

Na nilipoambiwa na mfanyakazi mwenzangu kwamba hayo ni magonjwa ya Wazungu, nilikuwa na la kumjibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima zaidi ya wanawake 1,100 wa Nigeria wenye saratani ya matiti. Karibu 7 kwa kila 100 walikuwa na hitilafu ya BRCA1, na wengine 4 ya BRCA2. Ila niliona pia nisimtishe kila mtu ofisini: saratani nyingi za matiti hazitokani na urithi wa namna hii. Ni kati ya 5 na 10 hivi kwa kila 100.

Jibu langu lilikuwa ndiyo. Daktari alichukua bahasha, akafuta alama ya kuuliza kwenye mraba wa baba na mahali pake akaweka nukta moja katikati. Nukta ni mbebaji. Hakuhitaji kupimwa, kuwa nayo mimi kulitosha kumshuhudia.

Kumweleza baba ndiko kulikonishinda kuliko kujiambia mwenyewe. Baba alikuwa karani bandarini Tanga, kwa hiyo nilitafuta lugha yake. Nilimwambia: baba, unajua jahazi linavyokalafatiwa, fundi anavyosukuma pamba yenye mafuta kwenye mianya ya mbao kila linapopandishwa ufukweni. Mwili nao ni hivyo, nyuzi za urithi ndani ya chembe hai hukatika mara kwa mara, na BRCA2 ni mmoja wa mafundi wa kuziunga. Kila mtu huzaliwa na mafundi wawili, mmoja wa baba, mmoja wa mama. Sisi tunazaliwa na mmoja mzima na mmoja asiyejua kazi. Yule mzima anatosha, chombo kinaelea. Ila ikitokea siku, kwenye chembe moja tu ya titi au ya ovari, fundi mzima naye akaharibika, maji yanaanza kuingia na hapana wa kuziba.

Baba alinyamaza. Kwenye redio walikuwa wanasoma vifo. Halafu akasema, "Kwa hiyo, mama, mimi nimekupa chombo kinachovuja."

Baba huniita mama, kama baba wengi wanavyoita binti zao. Nilimwambia hakunipa yeye, amepewa naye. Haikumsaidia. Kwa wiki nzima hakula vizuri, na kitu kilichomrudisha, naona ajabu kukiandika, ni kuambiwa kwamba naye anatakiwa akapimwe tezi dume. Nadhani alifurahi kuwa na la kufanya. Sasa anapima damu kila mwaka, na karatasi za majibu anazihifadhi kwenye jalada lenye kamba, zimepangwa kwa tarehe.

Mdogo wangu wa kike alipima, hana. Nilitegemea tutashangilia. Alilia kuliko nilivyolia mimi, akakaa mwezi mzima akinikwepa, na alipokuja alikuja na ndoo ya samaki na hakuna alichosema. Hakuna aliyetuandaa kwa hilo, kwamba shilingi ikiangukia vizuri kwa mmoja naye huumia. Kaka yangu amekataa kupima. Anasema yeye ni mwanamume. Ana mabinti watatu. Nilimwonyesha bahasha, nikamtajia ami, sauti zikapanda, mkewe akaingia na chai tukanyamaza. Bado hajapima. Mabinti wake wakifika miaka 18 nitawaambia mwenyewe, ruhusa au bila ruhusa, na hilo naye analijua.

Shangazi mdogo amekataa kipimo cha jeni, ila alikubali kuja Dar kupigwa mamogramu, ile eksirei ya matiti. Salama. Alitoka mle ndani akilalamika kwamba titi limekamuliwa kama kifumbu cha nazi.

Sasa niseme la ovari, kwa sababu ndilo wanaloniulizia kwa siri. Utafiti wa 2017 uliofuatilia karibu wanawake 10,000 wenye jeni hizi ulikuta kwamba kufikia miaka 80, karibu 69 kati ya kila 100 wenye BRCA2 hupata saratani ya matiti, na 17 ya ovari. Kwa wenye BRCA1 ni 72 na 44. Kwa mwanamke wa kawaida Marekani ni kama 13 ya matiti, na mmoja tu ya ovari. Ukitazama namba peke yake utasema niyashughulikie matiti kwanza. Lakini titi lina namna ya kuchunguzwa: mimi hupigwa mamogramu na MRI kila mwaka, nikidunduliza fedha kwa mchezo wa wanawake wa mtaani. Ovari haina. Waingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000, nusu yao wakichunguzwa kwa kipimo cha damu au altrasaundi, na majibu yaliyotoka 2021 yalionyesha kwamba uchunguzi ule haukupunguza vifo. Ovari inapoanza kusema, kama ilivyosema kwa bibi, mara nyingi imechelewa. Kwa wenye BRCA2 ushauri wa kawaida ni kuziondoa kati ya miaka 40 na 45, ukiwa umemaliza kuzaa. Nilikuwa na 41 na watoto wawili.

Daktari wa kwanza wa upasuaji alinikatalia. "Nitoe viungo vizima?" Aliuliza kama ananiuliza iwapo ninaswali. Sikumlaumu sana, kazi yake yote amefundishwa kutoa kilichooza. Wa pili aliisoma barua ya Leicester kurasa zote mbili, akakubali. Yule daktari wangu wa bahasha alinifundisha sharti moja la kumpa: atoe na mirija ya uzazi, na maabara iikate yote vipande vyembamba waiangalie hadi kwenye ncha, kwa sababu nyingi ya saratani hizi imeonekana kuanzia kwenye ncha za mirija na si kwenye ovari yenyewe. Nilimwandikia kwenye karatasi. Alisoma, akaniangalia, akasema, "Dada, umesomea wapi?" Mirija ilitoka safi.

Mume wangu, mtu wa maneno machache, aliuliza maswali mawili. La kwanza, je, nitapona? Nikamwambia siumwi. La pili hakulimaliza, nikalijibu hivyo hivyo. Wifi yangu mmoja alisema naiga mambo ya Angelina Jolie. Jolie aliandika kwenye gazeti la New York Times Mei 2013 kwamba ametolewa matiti yote mawili, kwa ajili ya BRCA1, baada ya mama yake kufa akiwa na miaka 56. Ovari akaja kuzitoa 2015. Mimi matiti ninayo. Najua kuyaondoa kunapunguza hatari kwa asilimia 90 au zaidi, na dada wa Leicester ameshayatoa yote, na analifikiria swali hilo kwa niaba yangu kila Jumapili kwenye simu. Bado sijafika huko. Huenda nikafika.

Sikuambiwa vya kutosha kuhusu joto. Hedhi ya mwanamke mwingine hukoma kwa kubisha hodi miaka kadhaa. Yangu ilifungiwa mlango siku moja. Nilikuwa naungua katikati ya kikao, jasho linatiririka mgongoni, bosi anadhani malaria. Usingizi ukaisha, hasira ikaja, magoti yakaanza kulia. Miezi mitano nilidhani ndiyo maisha. Kumbe kwa ambaye hajawahi kuugua saratani ya titi, dawa za homoni hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi ni jambo linalozungumzika na daktari, na mifupa inatakiwa kuangaliwa. Ningeuliza kabla ya kisu.

Mwaka jana baba alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Akasema anataka kwenda Pangani, na kwamba nije na ile bahasha.

Sikumuuliza. Tuliondoka Tanga kwa basi la asubuhi, tukavuka kwa pantoni kwenda Bweni. Baba alisimama njia yote ya majini, hakutaka kiti. Nyumba tuliipata kwa kuulizia, ukuta wa mawe, barazani mzee amekaa anasuka wavu. Ni mwana mkubwa wa bibi mdogo, mdogo wake baba kwa miaka miwili. Ana upara uleule wa baba. Walisalimiana kama watu waliokutana msikitini, wakaulizana habari za afya, za mvua, za bei ya samaki. Kahawa ikaja. Ikaja tena. Bibi mdogo alifariki zamani, hakuna aliyetuletea habari.

Mwishowe baba alinipa ishara nikaifungua bahasha. Alieleza mwenyewe, kwa kalafati, kwa mafundi wawili, hakuruka hata kipande. Alipofika kwa bibi, alisema: "Lilikuwa tumbo la maradhi. Lilikuwa ndani ya damu yetu sisi. Halikutupwa na mtu." Na mimi nikaongeza kwamba kama jeni ilitoka kwa bibi, kama tunavyoamini, basi wao wa Pangani hawana cha kuogopa, hii haikuwapitia.

Yule mzee aliweka sindano ya wavu chini. Akaikamata bahasha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wasio na miwani. Alifuata mistari kwa kidole, babu, bibi, baba, shangazi, ami, mimi.

"Na mama yangu yuko wapi hapa?"

Hayumo, nikamwambia. Daktari alichora damu inayofuatwa tu.

Baba akaomba kalamu. Akachora mstari mfupi kando ya mraba wa babu, na mwisho wa mstari akachora duara, mkono ukimtetemeka hata likatoka limepinda, duara tupu, lisilotiwa wino.